Historia ya Ndege Zirushwazo kwa Waya

Mtu anapoitazama ndege ikipita juu ya Mlima Kenya, aghalabu hustaajabia ukubwa wake au mwendo wake. Ni mara chache hustaajabia utii wake, na hali utii ndio ajabu iliyo kubwa zaidi. Kupaa peke yake si kitu kigeni. Jani hupaa, vumbi hupaa, hata paa la nyumba hupaa siku ya tufani. Lakini vyote hivyo huenda upepo unakotaka. Ndege huenda mtu anakotaka. Insha hii yahusu njia waliyoipitia wanadamu mpaka wakaupata utii huo. Njia hiyo ilianza kwa kamba, nayo ingali ikionekana leo katika mchezo mmoja wa mashindano, ambao ndani yake ndege ndogo iliyoundwa kwa mkono hurushwa kwa waya mbili na kuchezeshwa angani. Nimewaandikia kwanza wanafunzi wa Meru na Embu, kwa sababu itakayoonekana mbele. Lakini kila mwenye kupenda kazi ya mikono anakaribishwa kusoma.

Watoto wengi waliolelewa shambani katika nchi zetu wanamjua dundu. Humkamata, humfunga uzi mguuni, kisha humwachilia. Dundu huruka kwa mvumo, lakini kwa kuwa uzi wamzuia hawezi kwenda mbali. Hubaki akimzunguka mtoto kama sayari izungukavyo jua. Mchezo huo una ukatili ndani yake, nami siusifu. Lakini una fundisho. Kitu chenye nguvu ya kwenda mbele kikifungwa uzi huenda duara, na aliyesimama katikati ya duara hukiona muda wote, wala hana haja ya kukikimbilia. Wataalamu wa Ulaya walilitumia fundisho hilohilo kabla hawajajua kurusha mtu angani.

Mwaka 1746 Mwingereza Benjamin Robins alitengeneza mkono mrefu uliozungushwa kwa nguvu ya uzito ulioachwa ushuke. Mwishoni mwa mkono huo alifunga vitu vya maumbo mbalimbali, akapima jinsi hewa ilivyovipinga. Mwaka 1804 Mwingereza mwingine, George Cayley, alitumia mkono wa namna hiyo kupima nguvu iinuayo ubao uliolazwa kwa mshazari mbele ya hewa. Mwaka huohuo akatengeneza ndege ndogo isiyo na injini, yenye urefu upatao meta moja na nusu, bawa likiwa mbele na mkia ukiwa nyuma. Na umbo hilo ndilo tulionalo katika ndege nyingi hata leo. Kisha mwaka 1879 Mfaransa Victor Tatin aliunda ndege ndogo iliyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Aliifunga kwenye nguzo, akaiacha ikimbie juu ya njia ya mbao iliyoizunguka nguzo hiyo. Ikakimbia, ikaongeza mwendo, ikainuka. Hakuna mtu aliyekuwa ndani yake, nayo haikwenda mbali. Lakini ilikuwa imepaa kwa nguvu zake yenyewe, huku imefungwa kama dundu wa mtoto.

Sasa tuwatazame Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli wa mji wa Dayton nchini Marekani. Mwaka 1878, walipokuwa wangali watoto, baba yao aliwaletea kichezeo cha mwanzi na karatasi kilichozungushwa kwa mpira uliosokotwa. Kilipaa mpaka darini. Ndugu hao wakaunda vingine vya kufanana nacho, vikubwa na vikubwa zaidi, wakaona ajabu moja: kadiri kichezeo kilivyokuwa kikubwa, ndivyo kilivyoshindwa kupaa. Mwanafunzi wa hesabu anaweza kueleza sababu. Ukizidisha vipimo vyote vya kitu mara mbili, eneo la mabawa huzidi mara nne, lakini uzito huzidi mara nane. Watoto hao hawakuijua hesabu hiyo bado. Mikono yao ndiyo iliyowaambia kwanza.

Walipokuwa watu wazima hawakuanza kwa injini. Mwaka 1899 Wilbur alitengeneza tiara lenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, lenye upana upatao meta moja na nusu. Kamba nne zilitoka kwenye ncha za mabawa zikashuka mpaka kwenye vijiti viwili alivyovishika mikononi. Alipoviinamisha vijiti hivyo kinyume, kimoja huku na kimoja huko, mabawa yalijipinda kidogo, upande mmoja ukapanda na upande wa pili ukashuka. Hapo ndipo siri ilipofunuka. Mwaka uliofuata wakaenda Kitty Hawk, penye upepo wa pwani, na ndege kubwa isiyo na injini. Lakini mara nyingi waliirusha bila mtu ndani, kama tiara, wakiiongoza kwa kamba kutoka chini. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao yenye injini ikapaa kwa sekunde 12 na kwenda meta 36.

Wakati huohuo alikuwako mtu mwingine Marekani, Samuel Langley, mtaalamu mwenye cheo kikubwa, aliyepewa na serikali dola 50,000. Injini yake ilikuwa na nguvu zaidi ya mara nne ya ile ya akina Wright. Ndege yake ilianguka mtoni Potomac tarehe 8 Desemba 1903, siku tisa tu kabla ya wenzake kufaulu. Langley alikuwa na nguvu. Akina Wright walikuwa na mazoezi ya kuongoza. Kamba ilikuwa imewafundisha yale ambayo fedha haikumfundisha mwenzao.

Baada ya hapo ndege kubwa zilikua haraka, na kamba ikasahauliwa. Hata hivyo vijana wa Ulaya na Marekani hawakuacha kuunda ndege ndogo. Waliziunda kwa vijiti na karatasi, wakazirusha kwa mpira uliosokotwa, kisha wakaziacha ziende zipendako. Katika miaka ya 1930 injini ndogo za petroli zikaanza kuuzwa, na hapo furaha ikaingiwa na hasara. Ndege yenye injini ilipanda juu, ikachukuliwa na upepo, ikapotea. Kijana aliyekesha kwa miezi akichonga na kugundisha alibaki akikimbia mashambani, macho juu, mpaka kazi yake ikatoweka nyuma ya miti. Kuongoza kwa redio kulikuwa kumekwisha kujulikana, lakini mitambo yake ilikuwa mizito na ya bei kubwa.

Ndipo kamba iliporudi. Mwaka 1937, katika jimbo la Oregon, kijana aitwaye Oba St. Clair alirusha ndege yenye injini iliyofungwa kwa kamba, akaiongoza kupanda na kushuka kwa mkono wake. Katika jimbo hilohilo, mjini Portland, aliishi Jim Walker, mtengenezaji wa vichezeo mwenye akili nyepesi na maneno matamu. Walker aliunda ndege yake iitwayo Fireball, akaiita njia yake ya kuongoza U-Control, na mwaka 1942 serikali ikampa hati ya uvumbuzi. Alizunguka nchi nzima akiwaonyesha watu. Alikuwa hodari hata akaweza kurusha ndege tatu kwa wakati mmoja, mbili kwa mikono na ya tatu kwa waya zilizofungwa kichwani mwake. Watu wengi waliujua mchezo huu kwa sababu yake, wakaamini kwamba yeye ndiye aliyeuanzisha.

Mwaka 1955 jambo hilo lilifika mahakamani. Walker alimshitaki mtengenezaji mwingine, Leroy Cox wa California, kwamba alitumia uvumbuzi wake pasipo idhini. Upande wa Cox ukamleta St. Clair awe shahidi. St. Clair hakuja na maneno matupu. Alikuwa ameihifadhi ndege yake ya mwaka 1937, na ndani yake kifaa kilekile kilichokuwa kikibishaniwa. Walker akashindwa. Mwanafunzi wa historia na alizingatie tukio hili. Sifa humfuata aliyetangaza, lakini ukweli humfuata aliyehifadhi ushahidi. Wala haifai kumdharau Walker, aliyefariki mwaka 1958. Kama si yeye, huenda kazi ya St. Clair ingalibaki katika jimbo moja. Aliyebuni na aliyeeneza walikuwa watu wawili, na mchezo uliwahitaji wote wawili.

Kifaa kilichoshindaniwa ni rahisi, hata mtoto aweza kukifahamu. Mrushaji hushika kipini. Kutoka kwenye kipini hicho hutoka waya mbili nyembamba za chuma, moja juu na moja chini, zenye urefu wa meta 15 hadi 21 na zaidi kidogo. Waya hizo huingia katika ncha ya bawa la kushoto, zikafika kwenye kipande kidogo cha bati au mbao ngumu kilichofungwa katikati ya ndege kwa msumari mmoja, nacho huzunguka juu ya msumari huo. Kipande hicho kina mikono mitatu. Miwili imefungwa waya, na wa tatu umefungwa kijiti kirefu kiendacho mkiani, penye ubao mdogo uinamao juu na chini. Mrushaji akiinamisha kipini nyuma, waya ya juu huvutwa, ubao wa mkiani hujiinua, na ndege hupanda. Akikiinamisha mbele, ndege hushuka. Hakuna zaidi ya hayo. Tukumbuke vijiti viwili vya Wilbur Wright mwaka 1899, tutaona kwamba wazo ni moja: mkono, kamba, na kipande cha ndege kinachogeuka.

Lakini kuna sharti. Waya haisukumi, huvuta tu. Ikilegea, mrushaji hana tena amri juu ya ndege. Kinachoikaza ni mwendo wenyewe wa ndege. Tufanye hesabu kidogo. Ndege ya mashindano yenye uzito wa kilo 1.8, ikizunguka umbali wa meta 20 kutoka kwa mrushaji, huenda kama meta 126 kwa kila mzunguko. Ikimaliza mzunguko kwa sekunde 5.3, mwendo wake ni kama kilometa 85 kwa saa, nayo humvuta mrushaji kwa nguvu iliyo sawa na kushika uzito wa kilo 5. Ikipunguza mwendo, mvuto hupungua. Ikipanda juu kabisa kichwani pa mrushaji, uzito wake wenyewe huielekeza kurudi chini na kulegeza waya. Kwa hiyo mafundi hutia kipande kidogo cha risasi katika ncha ya bawa la kulia, na kuielekeza injini nje kidogo ya duara, ili ndege itake kuondoka daima. Ndege isiyotaka kuondoka haiongozeki.

Kwanza watu waliridhika ndege ikizunguka tu. Kisha wakataka icheze. Hapo uzito ukawa adui. Injini za awali zilihitaji betri na koili ili kutoa cheche, na mizigo hiyo ilizielemea ndege. Mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden alileta plagi yenye waya mwembamba wa platini, ambayo huwashwa kwa betri mara moja tu, injini ikiwa bado chini. Baada ya hapo waya huo hubaki mwekundu kwa joto la injini na kwa jinsi platini inavyopatana na spiriti ya methanoli. Betri ikaachwa ardhini. Ndege zikawa nyepesi, na katika miaka michache mafundi kama Bob Palmer wa California na George Aldrich wa Texas wakaonyesha jambo jipya. Waliunganisha vibao vya nyuma ya mabawa na ubao wa mkiani, ili kimoja kikipanda kingine kishuke, na ndege ikaweza kupiga kona kali angani pasipo kupoteza nguvu. Ndege ya Aldrich, iitwayo Nobler, ilinakiliwa na vijana wa nchi nyingi.

Katika mashindano mrushaji hupewa dakika saba, na ndani yake yampasa kuwasha injini, kupaa, kuonyesha michezo yote kwa utaratibu uliowekwa, na kutua. Huchora duara tatu kwa mfuatano. Huirusha ndege chali, magurudumu yakitazama mbingu. Huchora mraba, pembetatu, tarakimu ya nane iliyolala na iliyosimama, umbo la kipimasaa cha mchanga, na jani lenye ncha nne. Michezo mingi yatakiwa ianzie na kuishia kwenye kimo cha meta moja na nusu tu juu ya ardhi. Yaani ndege iendayo kwa kasi ya gari la njia kuu hushuka chali mpaka usawa wa kifua cha mtu, ndipo igeuke. Waamuzi husimama nje ya duara wakitoa alama kwa kila mchezo. Hawatazami ushupavu peke yake. Hutazama kama mraba una pembe kweli, na kama duara la tatu limepita juu ya njia ya la kwanza.

Ndege ya namna hiyo huundwa kwa mti wa balsa utokao hasa Ekuado, ambao ni mwepesi kuliko karibu mbao zote zinazouzwa. Fundi huchagua mbao zake kwa mizani, kipande kwa kipande. Hukata mbavu za bawa, huzipanga juu ya meza iliyonyooka, huzigundisha, kisha hulifunika bawa kwa karatasi nyembamba au hariri na kuipaka rangi ya kuikaza. Bawa likipindika kwa upana wa ukucha, ndege itajipinda angani, na hapana ustadi wa mkono utakaoificha kasoro hiyo. Marekani, kwa miaka mingi, kanuni za mchezo huu zilitoa alama za uzuri wa ndege kwa sharti kwamba anayeirusha ndiye aliyeiunda. Sharti hilo ni la hekima. Anayenunua ndege humjua muuzaji. Anayeiunda huijua ndege.

Sasa nimefika kwenye sababu niliyoiahidi. Katika miaka ileile ambayo vijana wa Marekani na Ulaya walikuwa wakichora duara kwa ndege zao baada ya masomo, vijana wa Meru na Embu waliijua ndege kwa namna nyingine. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Mwaka 1953 jeshi la anga la Uingereza lilileta ndege aina ya Harvard, na kabla mwaka haujaisha zikaja ndege kubwa zaidi aina ya Lincoln. Zilitupa mabomu katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, walimokuwa wapiganaji wa uhuru. Ndege nyingine zilimwaga karatasi za matangazo, na nyingine zilibeba vipaza sauti vya kuwaita watu watoke msituni. Chini yake, tangu mwaka 1954, watu wengi wa Ukikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu wakawekwa katika vijiji vyenye ulinzi, wakachimbishwa handaki refu kandokando ya msitu. Wako waliobaki msituni muda wote huo. Musa Mwariama wa Meru hakutoka mpaka Desemba 1963, uhuru ulipopatikana.

Harvard, ile iliyotupa mabomu, haikuundwa kwa ajili ya vita vya msituni. Ilikuwa ndege ya mafunzo. Maelfu ya marubani walijifunzia kuongoza ndani yake. Kwa kijana wa Uingereza, basi, ndege ile ilikuwa mwalimu. Kwa mtoto wa Embu aliyejificha chini ya migomba ilikuwa mngurumo uliotoka juu, usioweza kuulizwa neno. Ndege ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa upande ambao mtu amesimama, na kama mkono wake ulikuwa umeshika chochote.

Uhuru uliibadilisha hali hiyo, lakini si yote. Leo miraa ya Meru huchukuliwa kwa gari mpaka Nairobi, na kutoka huko ndege huipeleka Somalia. Machi 2020 safari hizo zilipokatizwa, wakulima wa Igembe na Tigania walibaki na mavuno yaliyokauka mikononi, mpaka njia ilipofunguliwa tena Julai 2022. Maisha ya nyumba nyingi hutegemea ndege ambayo hapana mtu wa nyumba hizo ajuaye jinsi bawa lake linavyoinuliwa na hewa. Shuleni nako tumeyumba. Mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, kazi za mikono zilipewa nafasi kubwa. Baadaye zikapunguzwa, na vyumba vingi vya ufundi vikawa maghala ya madawati yaliyovunjika. Mtaala mpya, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, umeirudisha kazi ya mikono katika maandishi. Kuirudisha mikononi ni kazi ya walimu na wanafunzi.

Je, twaweza? Tuvitazame vilivyopo. Mianzi humea yenyewe katika ukanda wa juu wa msitu wa Mlima Kenya. Mbrazili Alberto Santos-Dumont aliunda kwa mianzi ndege yake ndogo iliyombeba angani, yapata miaka mia moja na zaidi iliyopita. Mti wa mwamba-ngoma, ambao Wameru huuita muuti, una mbao nyepesi zilizochongwa ngoma na mizinga tangu zamani. Si mwepesi kama balsa, lakini kwa ndege ya kujifunzia unafaa kujaribiwa. Mbarika, au mwariki, ambao mafuta yake wazee walilainishia ngozi, ulilainisha injini za ndege katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa kuwa mafuta yake hayachanganyiki kwa urahisi na petroli. Na mpaka leo hutiwa katika mafuta ya injini ndogo za mashindano. Tena tunao watoto wanaounda magari ya waya yenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele. Usukani ule na kile kipande cha mikono mitatu ndani ya ndege ni ndugu. Mtoto aliyefahamu kimoja hatashindwa kufahamu cha pili.

Yako na mambo ambayo hayafundishwi na vitabu vya nchi za ng'ambo, yafaa tuyapime wenyewe. Miji ya Embu na Meru iko zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika nane. Bawa litainua uzito mdogo zaidi kwa mwendo uleule, na injini itavuta hewa pungufu. Basi fundi wa Embu hana budi kupunguza uzito, au kupanua bawa, au kuongeza mwendo. Na akipima mara kumi na kuandika majibu yake, atakuwa amefanya kazi ya Cayley. Tahadhari moja haina mjadala: ndege hizi hazirushwi karibu na nyaya za umeme hata kidogo, kwa kuwa waya za mrushaji zikizigusa huleta mauti. Aidha kabla ya kurusha, waya na kipini huvutwa kwa nguvu ipatayo mara kumi uzito wa ndege, na watazamaji husimama nje ya duara.

Anayetaka kuanza na aanze kwa kidogo. Asitafute injini kwanza, kama Langley. Atengeneze tiara lenye kamba mbili, ajifunze kuligeuza. Kisha aunde ndege nyepesi ya vijiti na karatasi, aifunge uzi mwishoni mwa mwanzi mrefu, aizungushe kwa mkono na kuona bawa likiinuka. Kisha atie kile kipande cha mikono mitatu, aone mkia ukitii. Atavunja nyingi. Kila iliyovunjika ataitazama mahali ilipovunjikia, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na somo.

Jambo nililotaka kusema katika insha hii ni moja. Ndege haikushushwa na watu wakubwa kutoka mbinguni. Ilipandishwa na watu waliosimama ardhini, wengi wao mafundi wa kawaida, walioshika kamba na kungoja kuhisi inavutaje. Babu zenu waliitazama kutoka handakini bila kamba yoyote mkononi. Ninyi mnao mwanzi, waya, hesabu na uwanja wa shule. Siku ile ndege iliyoundwa na mwanafunzi wa Meru au Embu itakapozunguka duara lake la kwanza na kutua salama, haitakuwa imekwenda popote kwa kuhesabu meta. Lakini aliyeirusha atakuwa amejua kwa mkono wake jambo ambalo hakuna awezaye kumfundisha kwa maneno peke yake, wala hatatazama tena juu kwa hofu.